Begi, posta, ndege au meli: kuchagua njia ya kusafirisha betri za lithiamu kutoka nje

Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeko Guangzhou, akiwa amenunua betri 200 za simu za akiba, pawabenki kumi, betri moja kubwa ya sola na pikipiki moja ya umeme ya kupimia soko, machoni pake ana mzigo wa aina moja, nao ni betri. Machoni pa kanuni za usafirishaji wa kimataifa ana mizigo minne tofauti, na huenda isipatikane njia moja ya kuibeba yote hata kama imetoka duka moja na imelipiwa siku moja. Makala haya yanalinganisha njia tano zinazotumiwa zaidi kati ya China au Dubai na Afrika Mashariki, yaani begi la abiria, posta, kampuni za vifurushi vya haraka, shehena ya ndege na shehena ya meli, ili msomaji ajue ni ipi inayoupokea mzigo wake kabla hajaanza kuulizia bei. Wengi wetu huanza na bei kwa kilo au kwa CBM, yaani mita ya ujazo, kisha hugundua baadaye, mzigo ukiwa umeshafika ghala la wakala, kwamba bei waliyopewa ilikuwa ya nguo na viatu.

Maswali matatu yanayotangulia ulinganisho wowote

Swali la kwanza ni kama betri iko peke yake, imefungwa boksi moja na kifaa, au imo ndani ya kifaa chenyewe. Betri ya ioni za lithiamu, ambayo ndiyo betri ya kuchajiwa tena iliyoko katika simu, kompyuta mpakato na vyombo vingi vya umeme, hupewa na Umoja wa Mataifa namba UN 3480 inaposafiri peke yake, na namba UN 3481 inapokuwa ndani ya kifaa au pamoja na kifaa chake. Zote mbili ni bidhaa hatari za daraja la 9, lakini tofauti hiyo ya tarakimu moja ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata, kwa sababu kifaa huikinga betri isigongwe wala kupata shoti, na pia huweka mpaka wa asili wa idadi ya betri zinazoweza kujazwa katika boksi moja. Linalowashangaza wengi ni kwamba pawabenki huhesabiwa kuwa betri, wala si kifaa, kwa kuwa kazi yake ni kukipa umeme kifaa kingine. Boksi la pawabenki ni UN 3480, hata kama muuzaji ameliandika kuwa ni vifaa vya simu.

Swali la pili ni ukubwa wa betri kwa wati-saa, kipimo kinachopatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya simu yenye volti 3.85 na miliampea-saa 4,000 ina wati-saa 15.4. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 ina wati-saa 74, kwa kuwa uwezo wake hukokotolewa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani, yaani vipande vinavyoiunda betri, si kwa volti 5 zinazotoka kwenye tundu la USB. Mtu akikosea hapo hujihesabia wati-saa 100 asizokuwa nazo, akaiacha nyumbani pawabenki ambayo ingepita bila swali. Ya miliampea-saa 30,000 inafika wati-saa 111, na hiyo imeshavuka mpaka. Betri ya sola ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, na betri ya pikipiki ya volti 72 na ampea-saa 40 ina wati-saa 2,880. Mipaka ya kushika kichwani ni wati-saa 20 kwa seli moja na wati-saa 100 kwa betri nzima: chini ya hapo kuna nafuu mbalimbali zitakazoelezwa, na juu ya hapo masharti ya bidhaa hatari hutumika kwa ukamilifu.

Inafaa kusema hapa, maana wauzaji wa betri za sola hulipenda sana dai hili, kwamba betri ya lithiamu ya fosfeti haina msamaha wowote. Ni kweli kemia yake ni tulivu zaidi na haishiki moto kwa urahisi kama ya simu, lakini katika kanuni nayo ni betri ya ioni za lithiamu, yenye namba zilezile na masharti yaleyale.

Swali la tatu linahusu hali na historia ya betri. Kila aina ya betri inapaswa kuwa imefaulu majaribio yaliyowekwa katika kifungu cha 38.3 cha mwongozo wa majaribio wa Umoja wa Mataifa, ambayo ni manane: hali ya hewa hafifu ya angani, mabadiliko makali ya joto, mtikisiko, mshtuko, shoti ya nje, kugongwa au kubanwa, kuchajiwa kupita kiasi, na kulazimishwa kuendelea kutoa umeme baada ya kuisha. Tangu tarehe 1 Januari 2020 watengenezaji na wasambazaji wanawajibika kutoa muhtasari wa majaribio hayo anayeuhitaji anapouomba. Muhtasari huo si sawa na karatasi ya usalama wa bidhaa, ile ambayo mawakala wote huiita MSDS. Karatasi hiyo hueleza kilichomo ndani ya betri na namna ya kukabili ajali, bali haithibitishi kwamba betri imejaribiwa. Muuzaji anayetoa MSDS na kukwepa kila unapotaja 38.3 amekwisha kukupa jibu.

Betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyoloa au iliyorejeshwa kiwandani kwa kasoro ya usalama hairuhusiwi kabisa kusafirishwa kwa ndege. Jambo hili linawahusu hasa ndugu walioko Uingereza, Marekani na Ghuba wanaokusanya simu zilizotumika na kuzituma nyumbani, kwani simu iliyokaa kabatini miaka mitatu na kuanza kuinua kioo chake haifai kuingizwa katika begi wala kifurushi, hata kama bado inawaka.

Begi la abiria

Hii ndiyo njia inayofahamika zaidi na inayotumiwa vibaya zaidi. Kanuni zinazofuatwa na mashirika ya ndege zinamruhusu abiria kubeba, kwa matumizi yake mwenyewe, vifaa na betri za akiba zisizozidi wati-saa 100. Betri za kati ya wati-saa 100 na 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba haziwezi kuzidi mbili. Zaidi ya wati-saa 160 haziruhusiwi kubebwa na abiria kama betri za akiba, wala hakuna afisa wa kaunta anayeweza kuzikubali kwa hisani. Betri zote za akiba, pawabenki zikiwemo, hukaa katika begi la mkononi, kila moja ikiwa imekingwa ncha zake kwa mfuko wake, boksi lake au utepe wa gundi, na kamwe haziingii katika begi linalokabidhiwa kwenda chini ya ndege. Sababu ni rahisi: moto ukianza katika chumba cha abiria kuna mtu wa kuuona na maji ya kuupoza, ilhali katika sehemu ya mizigo gesi ya haloni inayotumika kuzima moto inaweza kuzima miali lakini haiwezi kusimamisha joto linalojizalisha ndani ya seli na kuruka kutoka seli moja hadi nyingine. Ndiyo maana begi lako la mkononi likichukuliwa mlangoni pa ndege kwa sababu nafasi za juu zimejaa, unapaswa kutoa betri zako kwanza.

Mwongozo wa kawaida wa kimataifa umekuwa ukitaja betri za akiba 20 kuwa ndiyo idadi ya juu isiyohitaji idhini, lakini mashirika yanaweza kukaza zaidi, na yamekaza. Emirates, ambayo wasafiri wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huitumia, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 humruhusu abiria pawabenki moja tu ya chini ya wati-saa 100, tena asiitumie wala kuichaji ndani ya ndege, na asiiweke katika kabati la juu ya viti. Nchini China, tangu tarehe 28 Juni 2025, pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya lazima ya usalama wa bidhaa ya China, inayosomeka vizuri hairuhusiwi katika safari za ndani. Mfanyabiashara anayeruka kutoka Yiwu kwenda Guangzhou kabla ya kurudi nyumbani hukutana na sharti hili mapema kuliko anavyotarajia, na huiacha pawabenki yake langoni.

Kwa hiyo, kama unaleta betri mbili za kamera au pawabenki yako mwenyewe, hakuna njia iliyo bora kuliko begi la mkononi. Kwa bidhaa za kuuza, njia hii haikuwekwa kwa ajili yako. Maneno "kwa matumizi yake mwenyewe" yanamaanisha hivyo hasa, na betri 200 za simu za aina moja zilizofungwa kwa plastiki za dukani haziwezi kuelezwa vinginevyo.

Posta

Posta ni nafuu na inafika mahali pengi, lakini kwa betri mlango wake ni mwembamba mno. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani hukataa betri za lithiamu zilizo peke yake, hivyo betri za akiba na pawabenki zote ziko nje. Kinachoweza kupokelewa ni kifaa chenye betri ndani yake, kisichozidi seli nne au betri mbili, kila seli isizidi wati-saa 20 na kila betri isizidi wati-saa 100, na hata hicho hupokelewa tu na shirika la posta lililoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake. Simu moja mpya kwenda kwa mama Tanga, ndiyo. Betri yake ya akiba, hapana.

Kampuni za vifurushi vya haraka

Kati ya posta na shehena ya ndege zimo kampuni za vifurushi zinazofikisha mzigo mlangoni. Kwa kifaa chenye betri ndani yake, au kifaa pamoja na betri yake katika boksi moja, hii ndiyo njia ninayoiona kuwa na uwiano mzuri zaidi wa kasi, gharama na usumbufu. Nafuu ya betri ndogo hapa ni kubwa: boksi linaweza kuwa na hadi kilo 5 za betri bila kuandikiwa tamko kamili la bidhaa hatari, mradi boksi ni imara, betri haziwezi kugusana wala kifaa kujiwasha chenyewe, na boksi limebandikwa alama ya betri za lithiamu, ile yenye ukingo wa mistari myekundu na picha ya betri kadhaa, moja ikiwaka moto. Boksi lenye betri zisizozidi mbili zilizomo ndani ya vifaa husamehewa hata alama hiyo, ikiwa mzigo wote hauzidi maboksi mawili. Fundi wa Nairobi anayeagiza kompyuta mpakato mbili kutoka Dubai anaweza basi kuzipata ndani ya siku chache bila kujaza fomu nyingi.

Hali hubadilika kabisa kwa betri zilizo peke yake. Zamani zilikuwa na nafuu yao, nayo ilifutwa tarehe 1 Aprili 2022. Tangu siku hiyo hata betri moja ya simu inayosafiri bila simu kwa ndege ya mizigo ni bidhaa hatari inayohitaji tamko, lebo na mtu aliyepata mafunzo ya kuiandaa. Kampuni kubwa za vifurushi huzipokea tu kutoka kwa wateja waliokubaliwa mapema kwa mkataba, na mteja wa mara moja kwa mwaka hawezi kuupata kwa urahisi. Anayekuambia kwamba anatuma betri za akiba kwa njia hii kila wiki bila karatasi yoyote, anakuambia pia kwamba hazitamki.

Shehena ya ndege

Ili kuelewa ukali wa njia hii inafaa kurudi Dubai, tarehe 3 Septemba 2010, siku ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 iliporuka kuelekea Cologne nchini Ujerumani ikiwa na idadi kubwa ya betri za lithiamu miongoni mwa mizigo yake. Moto ulizuka katika sehemu ya mizigo, moshi ukajaa chumba cha rubani kiasi cha kutoonekana vipimo, na ndege ikaanguka ikijaribu kurudi. Marubani wote wawili walifariki. Uchunguzi wa mamlaka ya anga ya Falme za Kiarabu ulieleza kwamba baadhi ya shehena za betri zilizostahili kutamkwa kuwa bidhaa hatari hazikuwa zimetamkwa. Miaka iliyofuata kanuni zilikazwa hatua kwa hatua, hadi tarehe 1 Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipopiga marufuku betri za ioni za lithiamu zilizo peke yake kubebwa kama shehena katika ndege za abiria, na kuagiza kwamba katika ndege za mizigo ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Chaji ndogo ina maana nishati ndogo ya kulisha moto, na seli iliyo karibu tupu huambukiza jirani yake kwa shida zaidi.

Kikomo hicho kimepanuka. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 betri zinazofungwa boksi moja na kifaa, isipokuwa zile ndogo sana zisizozidi wati-saa 2.7, nazo lazima ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30, ilhali kwa betri zilizomo ndani ya vifaa hilo limebaki kuwa pendekezo. Anayeagiza drili za kuchaji zenye betri mbilimbili pembeni, au kamera zenye betri katika kisanduku kimoja, anapaswa kumuuliza muuzaji swali hili kwa maandishi, kwa sababu haliwezi kurekebishwa mzigo ukishafungwa.

Tuzipime betri 200 za mfanyabiashara wetu. Kila moja ina uzito wa takriban gramu 60, hivyo zote ni kama kilo 12. Kwa betri zisizozidi wati-saa 100 kila boksi haliwezi kuwa na zaidi ya kilo 10 za betri, kwa hiyo yanahitajika maboksi mawili, kila moja likiwa na lebo ya daraja la 9 ya betri, alama ya betri za lithiamu na lebo inayosema kwamba ni kwa ndege ya mizigo pekee, pamoja na tamko la bidhaa hatari lililotiwa saini na mtu mwenye mafunzo. Betri ya sola, kwa kuwa imevuka wati-saa 100, inaingia katika kundi zito zaidi linaloruhusu hadi kilo 35 kwa boksi lakini linalodai boksi lililojaribiwa na kupigwa muhuri wa viwango vya Umoja wa Mataifa. Gharama za ufungashaji, tamko na ukaguzi hutozwa kwa kila mzigo, hazipungui sana kwa sababu mzigo ni mdogo, na ndiyo maana shehena ndogo ya betri kwa ndege mara nyingi hugharimu zaidi kuliko betri zenyewe.

Kisha kuna suala la ndege yenyewe. Ndege za abiria zinazotua Julius Nyerere na Jomo Kenyatta kila siku zikiwa na mizigo chini ya sakafu hazimo katika hesabu hii. Inahitajika ndege ya mizigo pekee, na hizo ni chache. Nairobi ina nafuu kidogo kwa kuwa biashara ya maua huzivuta ndege za mizigo, na Air Tanzania ilipokea Boeing 767 yake ya mizigo mwezi Juni 2023. Hata hivyo kuwepo kwa ndege si kibali, kwani kila shirika lina masharti yake ya ziada, na kuna mashirika yasiyopokea UN 3480 kwa hali yoyote. Ninaishauri njia hii kwa aliye na mzigo wa thamani kubwa unaohitajika kwa haraka, kama betri za vifaa vya hospitali au za mitambo ya mawasiliano, tena kupitia wakala anayeonyesha cheti chake cha bidhaa hatari bila kuombwa mara mbili.

Shehena ya meli

Baharini kanuni inayotawala ni ile ya kimataifa ya bidhaa hatari za majini, IMDG, na toleo lake la 42-24 limekuwa la lazima kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Tofauti kubwa na anga ni mbili. Kwanza, kwa betri mpya zilizo salama meli haziwekewi kikomo cha jumla cha chaji cha asilimia 30. Pili, nafuu ya betri ndogo, ambayo angani imefutwa kwa betri zilizo peke yake, baharini bado ipo: seli zisizozidi wati-saa 20 na betri zisizozidi wati-saa 100, zikiwa zimefaulu majaribio ya 38.3, zikiwa katika boksi lisilozidi kilo 30 kwa ujumla, linalostahimili kudondoshwa kutoka mita 1.2 na lenye alama ya betri za lithiamu, husamehewa sehemu kubwa ya masharti ya daraja la 9. Betri 200 za simu na pawabenki za wati-saa 74 zinaingia hapa bila taabu, katika boksi moja au mawili.

Hilo lisikupumbaze ukadhani kwamba kila kontena litazipokea. Mzigo mdogo husafiri kwa kuchangia kontena na wenzako, na mwenye kontena anaweza kukataa betri kabisa au kuzitoza bei yake maalumu; mawakala wengi wa Guangzhou huwa na bei mbili, ya mzigo wa kawaida na ya mzigo wenye betri. Kampuni za meli nazo hudai muhtasari wa majaribio kabla ya kukubali nafasi. Muda wa safari ni wiki nne hadi sita, mbali na siku za kusubiri kontena lijae na siku za kutoa mzigo bandarini. Na kama mzigo unapita tu Dar es Salaam au Mombasa kwenda Bujumbura, Kigali, Kampala au Lubumbashi, karatasi zilezile za betri zinapaswa kuufuata barabarani, jambo ambalo wakala wa bandarini hulisahau akishalipwa.

Wakala mmoja aliwahi kunishauri kwa upole, kama anayenifanyia wema, niandike "vipuri" katika orodha ya mzigo ili nipate bei ya kawaida. Ushauri huo una historia yake. Mwezi Januari 2022 meli ya kontena COSCO Pacific, iliyotoka Nansha, bandari ya Guangzhou hiyohiyo, kwenda Nhava Sheva nchini India, ilishika moto ndani ya kontena lenye betri za lithiamu zilizoandikwa kuwa ni vipuri na viambatisho. Mabaharia walioukabili moto huo walikuwa wakizima vipuri, kwa mujibu wa karatasi zao. Mbali na hatari kwa maisha, anayetamka uongo hupoteza haki ya bima, na mali ya wenzake waliochangia kontena inaweza kumrudia kama deni.

Isichanganywe pia hati ya usafirishaji na hati ya ubora. Cheti cha ukaguzi wa viwango kinachotolewa kabla ya mzigo kuondoka, kwa utaratibu wa TBS nchini Tanzania au KEBS nchini Kenya, kinahusu kama bidhaa inafaa kuuzwa. Hakimwambii nahodha chochote kuhusu moto, wala muhtasari wa 38.3 haumridhishi afisa wa viwango.

Kwa wale wanaofikiria mwelekeo wa kinyume, yaani kupeleka betri chakavu nje kwa ajili ya kuchakatwa, ulinganisho ni mfupi: ndege haziwezekani bila idhini maalumu ya mamlaka, na bahari ina masharti mazito ya ufungashaji, juu ya taratibu za Mkataba wa Basel ambazo tangu tarehe 1 Januari 2025 zinadai ridhaa ya nchi inayopokea taka zote za kielektroniki zinazovushwa mipaka.

Mizigo minne, uamuzi mmoja baada ya mwingine

Betri 200 za simu ningezipeleka kwa meli, kwa kuchangia kontena la wakala anayekubali betri kwa maandishi, zikiwa zimetenganishwa moja moja na boksi limewekwa alama. Ndege ya mizigo ingezifikisha mapema, lakini bei ya maandalizi ingezidi faida ya betri za simu. Kama zinahitajika kwa haraka sana, ni nafuu zaidi kuzinunua kwa muuzaji wa jumla aliyekwisha kuziingiza nchini, hata kama anaongeza chake.

Betri moja ya sola nisingeileta. Kwa meli inawezekana kisheria, lakini inadai boksi lenye muhuri wa Umoja wa Mataifa, lebo ya daraja la 9 na tamko kamili, na gharama hizo zikibebwa na betri moja haziwezi kushindana na mwagizaji aliyezigawa kwa kontena zima. Zikiwa hamsini, hesabu inageuka, na hapo kuchukua kontena lako mwenyewe na wakala wa bidhaa hatari ndiyo njia ya kufuata.

Pikipiki inakwenda kwa meli, betri ikiwa imefungwa mahali pake ndani ya fremu, imekatwa umeme na imeshikizwa isicheze. Katika kanuni mpya chombo chenye betri ya ioni za lithiamu kina namba yake, UN 3556, badala ya UN 3171 iliyokuwa ikitumika kwa vyombo vyote vya betri, kwa hiyo wakala akikuletea karatasi zenye namba ya zamani zirudishe zirekebishwe kabla kontena halijafungwa. Muuzaji akitaka kuitoa betri na kuituma peke yake kwa ndege ili pikipiki iwe nyepesi, kataa, kwa maana amegeuza mzigo mmoja mwepesi wa kushughulikia kuwa miwili, na wa pili ni UN 3480 ya wati-saa 2,880.

Pawabenki tisa zinaungana na betri za simu katika kontena. Ya kumi, ikiwa na alama ya 3C na maandishi ya wati-saa 74 yanayosomeka ubavuni, anaingia nayo uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, katika begi lake la mkononi.